Kengele ya Pili

Kama umeshavuka miaka hamsini na bado unakimbia, na mwaka huu miguu imeanza kukugomea, nakuandikia wewe. Siandiki kama mtaalamu. Daktari alinichorea moyo kwenye karatasi, akanionyesha mahali umeme wake ulipokuwa ukipotelea, nikaitikia ndiyo, ndiyo, kama wanafunzi wangu walivyokuwa wakiniitikia mimi, na nilipotoka nje sikukumbuka hata mshale mmoja. Ninachokijua ni namna mtu anavyoweza kuumwa huku kila anayempenda akimwambia ni umri. Hilo nalijua vizuri, na kwa kuwa sasa nimekaa sawa, naona vibaya kulinyamazia.

Nilifundisha shule ya msingi hapa Chonyonyo, Karagwe, hadi nilipostaafu. Nilipokuwa chuo cha ualimu nilikimbia mita mia nane. Baadaye ikaja ndoa, wakaja watoto, kikaja kibanja cha migomba na kahawa, na mbio zikabaki zile za kuwahi kipindi cha kwanza. Nilipokaribia kustaafu, walimu wa michezo wa mkoa wakaanza kutukusanya wazee tushindane Bukoba kila mwaka, nikaenda kwa utani tu. Nikarudi nimeshinda. Tangu siku hiyo utani uliisha.

Huko ndiko nilikompata Godeliva. Ni mkulima wa Kaisho, upande wa Kyerwa, mjane, mwembamba, na ulimi wake una kasi kuliko miguu yake. Mwaka huu nashinda mimi, mwakani anashinda yeye, kisha tunakaa chini tunagawana ndizi za kuchoma na kuwasema wenzetu. Ananiita Mwalimu, lakini anavyolitamka neno hilo utadhani nina deni naye.

Mazoezi yangu ya kila siku yalikuwa na kipimo chake. Mume wangu, Josia, ni mzee wa kanisa, na kwa miaka mingi ndiye anayepiga kengele ya ibada ya asubuhi. Kengele yenyewe ni rimu ya lori iliyoning'inizwa uani kwa kanisa, inagongwa kwa kipande cha chuma. Kengele ya kwanza inaamsha watu. Ya pili inawaambia ibada inaanza. Josia hutangulia kwa baiskeli. Mimi husubiri nyumbani, viatu mguuni, kitenge nimekifunga kiunoni juu ya suruali, na nikisikia ya kwanza naondoka. Nateremka hadi darajani, napanda, napita ghala la kahawa la chama cha ushirika, napita mikaratusi, nakata kona, na hapo naliona geti la kanisa. Nikiligusa geti kabla ya kengele ya pili, nimeshinda. Saa ya mkononi sikuwahi kuvaa. Nilifundisha kwa saa miaka yote ile, na nilipostaafu nilisema nimeachana nayo.

Niliishinda kengele ile kila asubuhi. Kwenye miaka yangu mizuri nilikuwa nagusa geti, nafuta jasho, nafungua kitenge na kukivaa kiheshima kabla Josia hajanyanyua chuma chake. Hakuwahi kusema kitu. Josia ni mtu wa maneno machache. Akikipenda chakula anaongeza, na hiyo ndiyo hotuba nzima. Ila nilimwona anatabasamu.

Ugonjwa ulianza msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa. Nakumbuka kwa sababu tulipofika Bukoba kwenye mashindano, taa zote za mji zilikuwa na watu chini yake wakiwakamata, na Godeliva alinunua akala njia nzima mpaka uwanjani. Kabla ya mbio kulikuwa na muuguzi wa kutupima. Alinishika kifundo cha mkono, akaangalia saa yake, akanishika tena.

"Mama, wewe mwanariadha wa siku nyingi?"

"Tangu chuo."

"Ndiyo maana. Moyo wako unapiga taratibu sana. Wanariadha ndivyo walivyo."

Basi nilivimba kichwa! Moyo wa taratibu, kwa sisi tunaokimbia, ni sifa. Ni kama kusema injini yako haina kelele. Nilimsimulia Godeliva, nikawasimulia wenzetu wote waliokuwa wakijinyoosha pale, na wengine wakaanza kujishika mikono kuona kama nao wana moyo kama wangu. Halafu nikaingia uwanjani na moyo wangu wa sifa nikawa wa mwisho. Si kwamba niliachwa kidogo. Waliomaliza walikuwa wameshakaa chini wakati mimi naingia mita mia za mwisho, na watu walinipigia makofi yale ya kumpa pole mtoto.

"Ni umri, mama," akasema mwamuzi, na akanishika kiwiko kunitoa njiani.

Godeliva, badala ya kunitania, aliinama akanifungulia kamba za viatu.

Nikaukubali umri. Utafanyaje? Ndio ugonjwa pekee ambao ukiutaja watu wanacheka pamoja nawe. Binti yangu Asimwe, anayefanya kazi ofisi ya serikali Bukoba, alisema ni umri. Mwinjilisti wetu akasema ni umri, akanipa na andiko. Nilianza kukaa chini kumenya ebitoke, ndizi zetu za kupika, mimi niliyekuwa namenya nimesimama huku naimba. Mvua za masika zilipoanza nikawa nalala na soksi, kwa maana miguu ilikuwa baridi hata nikiiweka karibu na jiko. Nikiinama kung'oa magugu dunia ilikuwa inasogea kidogo, kisha inarudi mahali pake. Kahawa ya kutafuna, ile tunayowapa wageni kwenye kijikapu, nikawa naimaliza mwenyewe asubuhi kabla ya kukimbia, kwa kuwa iliniamsha. Wageni wakawa wanakuta kijikapu kitupu, jambo la aibu kwetu Wanyambo.

Lakini sikwenda hospitali, na sababu yangu ilikuwa nzuri kabisa. Kila asubuhi niliishinda kengele. Nilikuwa nafika nimechoka kuliko zamani, nimeegemea geti naona nyota, lakini nafika, na kengele ya pili inalia nyuma yangu. Nikajiambia: kama ningekuwa mgonjwa, kengele ingenipita. Uwanjani labda ni hofu ya watu, au viatu, au senene wa Godeliva. Kengele ilikuwa shahidi wangu, na sikuwa na sababu ya kutoiamini.

Mwishoni mwa masika Godeliva alikuja kunitembelea, akalala kwetu. Asubuhi tukakimbia pamoja. Alikuwa akitangulia, anarudi, anatangulia tena, kama mbwa anayetembea na mzee. Tulipofika getini kengele ikalia. Nikamwambia, "Umeona? Bado nipo."

Aliitazama ile rimu, akamtazama Josia, akanitazama mimi.

"Kengele yenu ina subira sana," akasema.

Nilidhani anasifia kanisa letu, yeye akiwa Mkatoliki. Kabla hajapanda pikipiki kurudi Kaisho alinivuta pembeni ya mgomba. "Mwalimu, mimi nimekuzidi mwaka mmoja. Nazeeka pia. Lakini mimi nashuka ngazi, wewe unaanguka. Nenda kapimwe, waitu, nakusihi." Nikamwambia anaona raha kwa kuwa sasa anashinda peke yake. Hakucheka. Alipanda pikipiki bila kuniaga vizuri na iliniuma siku nzima.

Nilianguka kiangazi, wakati watu wanaanika kahawa. Nakumbuka mikeka ya kahawa uani kwa watu, nakumbuka harufu yake, nakumbuka nimepita mikaratusi na nimefika kwenye kona. Baada ya hapo nakumbuka mchanga mdomoni na uso wa Josia. Alikuwa amekimbia kutoka kanisani akiwa bado ameshika kile chuma cha kugongea. Asubuhi hiyo kengele ya pili haikulia kabisa, na watu waliokuja ibadani walituona barabarani, mimi nimelala, yeye amepiga magoti na chuma mkononi, na mmoja wao aliniambia baadaye kwamba kwa mbali alidhani Josia amenipiga.

Hospitali ya wilaya walinifunga nyaya kifuani, mashine ikatema karatasi ndefu. Daktari kijana aliisoma mara moja, kisha akaondoka nayo, akarudi na mwenzake. Ukiona daktari anarudi na mwenzake, jiandae. Walisema moyo wangu unapiga taratibu mno. Nikawaambia najua, mimi mwanariadha. Yule mkubwa akavuta kiti.

"Mama, mwanariadha akikimbia, moyo wake unaongeza mwendo. Wako hauongezi. Na sasa unaruka mapigo. Hii si sifa. Usikimbie, usipande kilima, usiende chooni peke yako."

Nikalia. Nasema wazi, sikulia kwa sababu ya kufa. Nililia kwa sababu ile sifa yangu niliyoitangaza uwanja mzima ndiyo ilikuwa ugonjwa wenyewe.

Wakaniandikia rufaa kwenda Dar es Salaam, nikawekewe kifaa cha kuusukuma moyo, ambacho huku kwetu wote tunakiita betri. Tulisafiri watatu: mimi, Josia na Asimwe. Sitaieleza ile safari ya basi, aliyetoka Karagwe hadi Dar anaijua, na ambaye hajatoka namwachia bahati yake. Nataka kueleza benchi.

Kliniki ya moyo ina mabenchi marefu, na mtu unasogea kadiri walio mbele yako wanavyoitwa, unalikalia joto la mwenzako. Unafika alfajiri na unatoka jua limeshahama ukuta. Jirani yangu alikuwa mama wa Lindi, Bi Somoe, moyo wake ulikuwa na tatizo lingine kinyume cha langu, unakimbia mno. Alicheka sana aliposikia. "Wangetuchanganya, dada, kila mtu angepata haki yake." Alikuwa na chupa ya uji wa mchele wenye tui, akawa ananimiminia kwenye kifuniko bila kuniuliza kama nataka. Nilishakula vyakula vingi maishani lakini ule uji nausikia mpaka leo.

Josia hakukaa karibu nami. Alikaa benchi la ng'ambo, kofia magotini, akitazama sakafu. Tukiitwa anasimama, tukirudi anarudi kwenye benchi lake. Asimwe alimpelekea chai, akaishika mpaka ikapoa. Nilijua ana hasira. Nilidhani ananiona mwanamke mkaidi, aliyekimbizana na ujana mpaka akaitia familia barabarani. Nami nikakasirika kwa kukasirikiwa. Tukawa hivyo, yeye kule, mimi huku, na Asimwe katikati akitupatanisha kwa maandazi.

"Mama, mbio basi sasa," Asimwe aliniambia jioni moja kwa shemeji yangu tulikofikia. "Tunakuomba. Tembea, lima bustani, lea wajukuu. Baba hali, hujaona?"

"Baba yako amekutuma?"

"Baba hajasema chochote. Hilo ndilo linaloniogopesha."

Siku ya kuonana na daktari bingwa aliniuliza maswali mengi, taratibu, kwa adabu. Mwishoni akaniuliza, "Mama, kwa mtu anayekimbia kila siku, hukuona kasi ikishuka? Hata nyumbani?"

"Daktari, nyumbani nilikuwa nawahi. Kuna kengele ya kanisa. Niliishinda kila siku hadi asubuhi niliyoanguka."

Josia alisimama. Kofia ikaanguka, hakuiokota. Akatoka nje na mlango ukabaki wazi. Daktari alimtazama Asimwe, Asimwe akanitazama mimi, na mimi nikaokota kofia, nikaipangusa, nikazidi kukasirika.

Betri niliwekewa nikiwa macho, wameniganzisha bega. Walikuwa wakizungumza mambo ya mpira huku wananishona, na nilifarijika, nikajua kwamba hakuna kitu kibaya kinachotokea. Walinilaza na mkono wa kushoto umefungwa, nisiuinue. Chini ya mtulinga kuna kinundu hadi leo, unaweza kukishika kama sarafu iliyoshonewa ndani ya nguo. Mwanzoni nilikichukia. Nilikuwa nafunga kanga juu kabisa mpaka shingoni, Dar kwenye lile joto, ili watu wasikione. Bi Somoe alipokuja kunitazama wodini, mwenyewe bado anasubiri zamu yake, aliifungua ile kanga, akaniambia, "Acha kipumue, ndicho kilichokurudisha," kisha akanisuka nywele kwa kuwa mkono wangu mmoja ulikuwa kifungoni. Hali yake ikoje sasa sijui. Namba yake niliipoteza simu ilipoharibika. Kama unasoma haya, Bi Somoe, nakukumbuka.

Kesho yake Josia aliingia saa ya kutazama wagonjwa. Asimwe alikuwa amekwenda duka la dawa. Josia alikaa ukingoni mwa kitanda, upande wa miguuni, na kwa mazoea tu akaingiza mkono chini ya shuka kunishika wayo, maana tangu masika alikuwa anasugua nyayo zangu zipate joto. Akatulia. Akashika na wa pili.

"Ni za moto," akasema.

Nikazisikia mwenyewe. Kweli, zilikuwa na moto. Nilikuwa sijagundua. Josia akainamisha kichwa kwenye miguu yangu, nikaona mabega yake yanatikisika.

"Mama Asimwe, mimi ndiye niliyetaka kukuua."

"Umepatwa na nini?"

"Kengele. Nilikuwa nakungoja."

Sikumwelewa. Akasema tena, safari hii akiitazama shuka. "Pale uani barabara yote inaonekana hadi darajani, nilikuwa nakuona kwa mbali. Muda umefika, nimeshika chuma, wewe hujafika kwenye mikaratusi. Nikasema, afike tu kwenye mikaratusi. Ukifika hapo nasema, afike kona. Nikiona unagusa geti, ndiyo napiga."

"Tangu lini?"

"Tangu uliporudi Bukoba, msimu wa senene. Ulirudi umenyong'onyea. Nikasema angalau hapa nyumbani asishindwe."

"Na siku niliyoanguka?"

Akakunja pindo la shuka. "Siku ile muda ulikwisha ukiwa hujafika hata darajani."

Ningependa kuandika kwamba nilimkumbatia. Nilivuta miguu yangu. Nilikuwa na hasira ambayo mashine ya pale pembeni ingeweza kuionyesha kwa namba. Mwaka mzima nilikuwa na shahidi mmoja tu niliyemwamini, na shahidi huyo alikuwa ananidanganya kwa upendo! Godeliva alinieleza ukweli nikamtukana. Josia alinidanganya nikamshukuru Mungu kwa afya. Na alijua. Kila asubuhi aliniona napungua kwa macho yake na akaongeza muda. Ibada nzima ikawa inachelewa, wakulima wamesimama uani na majembe yao wanangoja kusali, na mwinjilisti akadhani saa ya mzee imeharibika. Kumbe walikuwa wananingoja mimi, kanisa zima, bila kujua.

"Toka nje," nikamwambia. Akatoka. Kofia yake akaisahau tena.

Tulirudi Karagwe mvua za vuli zinaanza. Mkono wa kushoto haukutakiwa kupita bega kwa wiki nyingi, kwa hiyo sikuweza kukata ndizi, kuanua nguo, wala kujifunga kilemba. Simu nayo marufuku kuiweka kifuani, mahali ambapo mimi na wanawake wengi tunaiweka; nilikuwa naipapasa pale siku nzima na kukutana na betri. Wageni walikuja kunipa pole, na kijikapu cha kahawa kilijazwa na Josia. Alipika yeye, alichota yeye, alinifunga kilemba yeye, vibaya sana, na mimi nilimjibu kwa yale maneno ya lazima tu. Ndiyo. Hapana. Asante. Nyumba ya watu wawili inaweza kuwa kimya hadi ukasikia maharage yakiiva.

Godeliva alikuja na jogoo na mkungu wa ndizi. Nikamsimulia yote, nikitarajia angalau yeye aungane nami. Alitafuna kahawa yake akanisikiliza hadi mwisho.

"Mimi nilijua siku ile nilipolala hapa," akasema. "Nilimwona kashika chuma hewani kama mtu anayetaka kuua nyoka, halafu hapigi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia nenda kapimwe. Ningekwambia na ya kengele, ungepigana na nani? Na mimi au na yeye?" Akachukua kahawa nyingine. "Mume wangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kuja kuniona nikikimbia hata mara moja. Mpige wako ukipona mkono, kisha msamehe."

Haikuwa siku hiyo. Ilikuwa baada ya Krismasi, asubuhi moja ambayo aliondoka na baiskeli kwenda kupiga kengele, nami nikabaki kitandani nikisikiliza. Ya kwanza ikalia. Nikajikuta naisubiri ya pili kwa wasiwasi, si kwa ajili yangu, kwa ajili yake: nilitaka aipige kwa wakati. Akaipiga. Nikajua sasa hana wa kumngoja barabarani, na nikamhurumia hadi nikaamka na kumwekea maji ya kuoga. Aliporudi nikamwambia, "Kilemba leo nifunge vizuri." Tukaanzia hapo.

Daktari aliniruhusu kutembea, kisha kutembea haraka, kisha, kwenye kliniki ya masika, kukimbia. Asimwe hakufurahi, lakini daktari ndiye aliyemweleza, si mimi. Nilianza kidogo kidogo kibanjani, kati ya migomba, mahali ambapo hakuna wa kunitazama. Pumzi ilirudi. Macho hayakuona nyota. Nikaanza kuota Bukoba, na nilijiambia kwamba kama betri imerudisha moyo, basi imerudisha na miaka. Hapo ndipo nilipopatwa na jambo ambalo sikulitarajia: nilitaka kujua, nikaogopa kujua. Muda wote ule walisema ni umri kumbe ni ugonjwa. Sasa ugonjwa umeondolewa. Kilichobaki ni nini? Pengine hakuna mzee humu mwilini. Au pengine yupo, na sitakuwa na wa kumsingizia tena.

Kilichoweza kunijibu ni kengele peke yake, na kengele ilikuwa mkononi mwa Josia.

"Kesho nakimbia hadi kanisani," nikamwambia tukila. "Nataka upige kwa saa yako. Usinitazame."

"Siwezi."

"Baba Asimwe."

"Siwezi kupiga nikikuona uko njiani. Mwambie mwinjilisti apige yeye."

"Simtaki mwinjilisti. Nakutaka wewe. Ukipiga wewe kwa wakati ndipo nitaamini kwamba mimi mzima. Ukiningoja, nitajua bado unaniona mgonjwa."

Aliacha kula. Mwishoni akaongeza ndizi, ambazo hakuzimaliza.

Kulikuwa na ukungu bondeni, kahawa zimeanza kuiva. Ya kwanza ikalia nikaondoka. Daraja nikalipita sina habari nalo. Kilima nikakipanda, na moyo, huu wangu wenye fundi ndani yake, ukapanda pamoja nami, nikausikia ukiongeza mwendo, na nilitaka kupiga kelele kwa furaha. Ghala likapita. Mtu mmoja aliyekuwa akianika kahawa za mwanzo akaniamkia, "Shikamoo Mwalimu!" nikamwitikia marahaba bila kukatika pumzi. Nikaingia kwenye mikaratusi nikikimbia kwa kila kitu nilicho nacho, hakuna nilichobakiza, hakuna kilichoniuma.

Na kengele ya pili ikalia.

Nilikuwa katikati ya mikaratusi. Kona ilikuwa bado, geti lilikuwa bado. Ikalia mara ya pili, ya tatu, imepigwa kwa nguvu kuliko kawaida, kama mtu anayepiga huku amefumba macho.

Sikusimama, ila nilipunguza, na nikaangalia mbele nikaupima umbali kwa jicho. Kutoka darajani hadi hapa ulikuwa ugonjwa, na ulishaondolewa. Kutoka hapa hadi getini ni umri wangu. Ndio huo, si mrefu sana, na hakuna daktari wa kuutoa. Niliusikitikia, sitaficha, machozi yalinitoka. Lakini ulikuwa wangu kweli, sijapewa na mtu, na nikaukimbia wote mpaka mwisho.

Uani hakukuwa na mtu ila Josia, chuma mkononi, uso umelowa.

"Nimekukosea?" akauliza.

"Umepiga vizuri sana," nikamwambia. "Na kesho upige hivyo hivyo."

Alikiweka chuma chini. Nikafungua kitenge kiunoni, nikakivaa kiheshima, akaninyooshea pindo kwa nyuma. Ndani walikuwa wameshaanza wimbo. Kwa mara ya kwanza tangu wale senene wa Bukoba, nilikuwa nimekimbia na ibada ikaanza kwa wakati, na waliochelewa tulikuwa sisi wawili.